Uchachu Pekee Hautoshi: Kwa Nini Maziwa Yachemshwe Kabla ya Kugandishwa

Katika mwambao wa Tanga, kuanzia Mkinga hadi Pangani, ni nadra mlo kukosa kitu kichachu. Samaki hukamuliwa ndimu, ukwaju hufanywa juisi, na mtindi hunywewa kwa ugali au peke yake. Kutokana na mazoea hayo imejengeka imani kwamba chakula kilichochachuka hakina madhara, kwa kuwa asidi huua vijidudu. Imani hiyo ina ukweli ndani yake, lakini ukweli huo haujakamilika. Katika makala haya tunaeleza sehemu iliyobaki, kwani ndiyo inayoweza kumgharimu mtoto afya yake.

Asidi hupimwa kwa kipimo kiitwacho pH. Kadiri namba inavyopungua, ndivyo uchachu unavyozidi. Maji safi yana pH 7, maziwa mabichi karibu 6.6, mtindi kati ya 4 na 4.6, na tumbo la mtu mwenye njaa karibu 2. Asidi inapopenya ndani ya bakteria huharibu protini zake, na bakteria wengi hudhoofika au hufa. Hata hivyo, wako wanaostahimili.

Mmojawapo ni Escherichia coli. Aina nyingi za bakteria huyu huishi katika utumbo wa binadamu na wanyama bila kuleta ugonjwa. Lakini aina iitwayo O157:H7, ambayo ilitambuliwa kuwa chanzo cha maradhi nchini Marekani mwaka 1982, hutoa sumu inayosababisha kuhara damu na, hasa kwa watoto wadogo na wazee, huweza kuharibu figo. Ng'ombe huweza kuibeba bila kuugua. Kisha kinyesi kilichogusa chuchu, mikono ya mkamuaji au ndoo huifikisha katika maziwa.

Siri ya ustahimilivu wake imo katika jeni, yaani maelekezo ya urithi yanayoielekeza seli itengeneze nini na wakati gani. Jeni mbili, gadA na gadB, huelekeza utengenezaji wa vimeng'enya vinavyobadili glutamati, kiambata kinachopatikana kwa wingi katika vyakula. Kila badiliko hilo linapofanyika, chembe moja ya asidi iliyokwisha kuingia hutumika. Jeni ya tatu, gadC, hutengeneza mlango wa kutolea zao hilo nje na kuingiza glutamati nyingine. Kazi hiyo hufanana na ya baharia akumbaye maji katika ngalawa inayovuja: maji huendelea kuingia, lakini chombo hakizami. Nayo jeni iitwayo hdeA huelekeza utengenezaji wa protini inayozilinda protini nyingine zisiharibike na kugandamana.

Jambo la kuzingatia ni kwamba kinga hizi huamshwa. Bakteria aliyetangulia kukaa katika uchachu wa wastani huwa tayari zaidi kuukabili uchachu mkali. Kwa hiyo, maziwa mabichi yanayochachuka polepole huweza kumwandaa bakteria huyu kuvuka asidi ya tumbo. Ubaridi wa jokofu nao haumwondolei kinga hiyo. Kinga iliyokwisha kuamshwa huweza kudumu kwa wiki kadhaa. Ndiyo maana bakteria wachache mno, hata wasiofika 100, huweza kuleta ugonjwa. Nchini Marekani, mwaka 1991 na tena mwaka 1996, watu waliugua kwa kunywa juisi ya matofaa ambayo haikupashwa moto, ingawa ilikuwa chachu. Mwaka 1996 mtoto mmoja alifariki dunia.

Kinga hizi, hata hivyo, ni za kupambana na asidi, nazo hazimwokoi bakteria katika moto wa kutosha. Viwandani maziwa hupashwa moto hadi nyuzi 72 za Selsiasi kwa sekunde 15, au nyuzi 63 kwa dakika 30. Nyumbani, tunashauri yafuatayo:

1. Chemsha maziwa mabichi hadi yafure, huku ukiyakoroga, kabla ya kuyagandisha.
2. Yafunike yapoe, kisha tia mtindi kidogo uliotokana na maziwa yaliyochemshwa. Usitumie mtindi wa maziwa mabichi, wala chombo kilichobeba maziwa mabichi kabla hakijaoshwa kwa maji ya moto na sabuni.
3. Unaponunua mtindi uliofungashwa, angalia alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS) na tarehe ya mwisho wa matumizi. Unaponunua wa kupimiwa, muulize muuzaji kama maziwa yalichemshwa.
4. Usihesabu ndimu au siki kuwa badala ya moto. Samaki na nyama vipikwe viive, na mboga za kachumbari zioshwe kwa maji safi na salama.
5. Anayehara damu afikishwe kituo cha afya mapema. Asipewe dawa za kuua bakteria bila ushauri wa daktari, kwani baadhi yake huweza kuzidisha madhara ya sumu hiyo.

Mtindi ni chakula bora, nasi hatumzuii mtu kuunywa. Tunachosisitiza ni mpangilio wa kazi: moto utangulie, uchachu ufuate.