Sindano Mikononi mwa Baba

Bismillahi Rahmani Rahim.

Mwezi huu tunaomba mtuvumilie tuzungumze jambo ambalo majumbani mwetu huzungumzwa kwa sauti ya chini: baba aliyepita makamo akaachishwa kazi. Sisi tunaoandika ni mume na mke, wenyeji wa Unguja, na makazi yetu ni hapa Newtown. Tunayoyaeleza yametupata wenyewe. Hatuyatoi ili tuonewe huruma, bali kwa kuwa tunajua zipo nyumba nyingine zilizomo katika hali hiyo hiyo, na kila moja inadhani iko peke yake.

WIKI TATU ZA KUFICHANA

Mume alikuwa na umri wa miaka 55 pale bohari alilokuwa akifanyia kazi lilipofungwa. Alilipwa haki yake, akaagwa, akatoka. Nyumbani hakusema. Kwa muda wa wiki tatu aliondoka kila siku baada ya sala ya alfajiri, ovaroli mwilini na chakula mkononi, akashinda akizunguka: mara uwanja wa Mary Fitzgerald, mara msikiti wa Hamidia, mara kwenye milango ya viwanda kuuliza kazi. Kila alipotaja umri wake, jibu lilikuwa moja. Jioni alirejea kwa saa ile ile ya siku zote.

Mke alijua tangu siku ya tatu, kwa sababu ovaroli lilikuwa likirudi safi. Hakuuliza. Aliendelea kulifua na kufunga chakula kama desturi, akichelea kuivunja heshima ya mwenzake mbele ya watoto. Ndivyo tulivyoishi: mmoja anaficha, na mwengine anaficha kuwa anajua.

Usiku mmoja mke alikuwa ameketi na fungu la uzi wa sufu ambalo bado halijazungushwa kuwa donge. Akasema, "Baba watoto, hebu nishikie uzi huu." Mtu aliyevishwa uzi mikono yote miwili hawezi kuinuka akenda zake. Donge lilipofikia ukubwa wa chungwa, yote yalikuwa yamekwisha kusemwa. Tulilia sote wawili, wala hatuoni haya kuliandika hilo.

MTAA WA WATU WA KAZI

Katika wiki zile tatu, mume aliingia siku moja katika Makumbusho ya Wafanyakazi, hapa hapa Newtown. Jengo lile lilijengwa na manispaa karibu na mwaka 1913 ili kuwalaza vibarua wake Weusi waliotoka mbali. Walikuwa wanaume watupu, wakilala kwenye vitanda vya saruji vilivyopangwa safu juu ya safu. Wake na watoto wao walibaki vijijini. Aliposimulia usiku ule habari za vitanda vile, sote tulifikiri jambo moja: wale walikuwa na kazi bila ya nyumba, na sisi tumebakiwa na nyumba bila ya kazi. Basi kilichobaki tukilinde.

SINDANO SI AIBU

Kazi ya kushika uzi ikawa ya kila usiku. Baada ya wiki moja mume akataka kufundishwa kufuma. Tukiri kwamba mke alisita, maana alihofia maneno ya watu, na mume naye hakuwa shujaa: mgeni alipobisha hodi, sindano zilikwenda chini ya mto.

Kilichotutoa katika hofu hiyo ni kumbukumbu ya babu. Kwetu Unguja, kama ilivyo Lamu na kwengineko mwambao, kofia nzuri hushonwa kwa mkono, tundu moja baada ya jengine, na moja huweza kuchukua wiki nyingi hadi miezi. Babu yetu alikaa barazani na kofia yake gotini, akishona huku akizungumza na wazee wenziwe. Hakuna aliyemwambia kuwa ameshika kazi ya wanawake. Kumbe sindano haikuwa aibu. Aibu tuliiokota njiani, tukaja nayo ugenini.

Tena historia haimkatazi mwanamume kufuma. Miongoni mwa vitu vikongwe kabisa vya kufumwa vilivyopatikana duniani ni soksi za pamba za Misri, za zama za dola za Kiislamu, rangi ya buluu na nyeupe, na nyengine zina mapambo ya hati ya Kikufi. Huko Ulaya vyama vya mafundi wa kufuma vilikuwa vya wanaume kwa karne nyingi, na mashine ya kwanza ya kufuma soksi ilibuniwa na William Lee, Mwingereza, mwaka 1589. Hapa Afrika Kusini, tangu harakati ya mablanketi 67 ya kumkumbuka Mzee Mandela ilipoanzishwa na Carolyn Steyn mwaka 2013, wanaume nao wamefuma, hata wafungwa gerezani.

Na sisi Waislamu tunayo makubwa zaidi ya hayo. Nabii Daudi, amani iwe juu yake, alikuwa mfalme, na pamoja na ufalme wake alifundishwa na Mola wake kutengeneza deraya za chuma na kuzipima pete zake sawasawa, akala kwa jasho la mkono wake. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, Bibi Aisha amesimulia kuwa alishona nguo zake na kutengeneza viatu vyake mwenyewe. Nani kati yetu ana heshima ya kuzidi hiyo?

NYUMBA ILIVYOGEUKA

Tusije tukawapamba wasomaji kwa maneno matamu. Miezi ya mwanzo ilikuwa migumu. Mume aliyezoea kuwa nje tangu alfajiri alikuwa sasa ndani mchana kutwa, akauliza kwa nini mafuta yanamiminwa mengi, na kwa nini mtoto amechelewa dakika kumi. Mke, ambaye jiko lilikuwa milki yake kwa miaka 27, alihisi amewekewa msimamizi. Tuligombana kwa mambo madogo, kwa sababu lile kubwa hatukuwa na la kulifanya.

Tulipona kwa kugawana saa. Asubuhi mke anakaanga sambusa na maandazi, na mume anayapeleka kwa wateja, kisha anakwenda kuuliza kazi. Adhuhuri anarudi na kuwapokea watoto wa binti yetu wanapotoka shule. Baada ya Isha tunakaa sote, redio imezimwa, kila mmoja na uzi wake. Wajukuu wawili wamejifunza. Mdogo, mwenye umri wa miaka minane, alimwuliza babu yake, "Babu, kitanzi kikiponyoka, kofia yote imeharibika?" Babu akamjibu, "La, mwanangu. Kinakamatwa pale pale kilipoanguka, kinapandishwa safu kwa safu." Mke alikuwa jikoni akasikia, na usiku ule hakulala kwa huzuni kama siku nyengine.

Tunaloligundua ni hili: mshahara ulipokatika, mume alidhani ameondoka nao ubaba. Watoto na wajukuu hawakudhani hivyo. Walikuwa wakimngoja akae nao.

HESABU YA KWELI

Hata hivyo, asidanganyike mtu. Donge moja la gramu 100 hutoa kofia moja ya baridi, na kofia hiyo humchukua mume jioni mbili. Kofia ya kiwandani huuzwa barabarani kwa bei inayokaribia gharama ya uzi wetu tu. Kodi ya nyumba haijapata kulipwa kwa sindano hata mwezi mmoja. Hulipwa kwa sambusa, na kwa msaada wa binti yetu. Kufuma kumetupa kofia za wajukuu, masweta ya shule tuliyoagizwa na jirani, na fedha kidogo ya matumizi. Kazi ya kudumu mume hajaipata, na bado anaitafuta.

Kwa walio katika hali yetu, tunausia haya:

Kwanza, mwambie mkeo siku ile ile. Wiki zetu tatu hazikumlinda mtu.

Pili, ikiwa ulikuwa ukikatwa mchango wa bima ya ukosefu wa kazi, dai haki yako mapema.

Tatu, ujue kuwa posho ya wazee ya serikali huanzia miaka 60, kwa raia, wakaazi wa kudumu na wakimbizi waliotambuliwa rasmi, na hutazamwa kipato. Zamani wanaume walingoja hadi miaka 65. Tangu 2010 wanaume na wanawake wako sawa. Kati ya kuachishwa na miaka 60 kuna bonde, na bonde hilo huvukwa na familia nzima.

Nne, usinunue uzi kwa mkopo. Anza na donge moja. Maduka ya vitambaa na uzi hayako mbali, Fordsburg, katika Oriental Plaza.

KOFIA YA KUANZIA

Johannesburg imeinuka zaidi ya mita 1,700 juu ya bahari, na alfajiri za Juni na Julai huwa na sakitu. Kofia hii itakufikisha msikitini masikio yakiwa na joto.

Chukua sindano mbili za milimita 4 na donge la gramu 100 la uzi wa unene wa kati. Tia vitanzi 112. Fuma viwili kwa mbele, viwili kwa nyuma, hadi mwisho wa safu. Endelea hivyo mpaka kitambaa kifikie sentimita 20. Kisha kila vitanzi viwili vifanye kimoja, vibaki 56. Fuma safu moja bila ya kupunguza. Punguza tena, vibaki 28. Fuma safu moja. Punguza tena, vibaki 14. Kata uzi ukiacha mkia mrefu, upitishe katika vitanzi vyote 14, uvute mpaka kilele kifunge, kisha shona ubavu kwa mkia huo huo.

Atakayekwama na abishe hodi kwetu baada ya Isha. Sindano hazifichwi tena chini ya mto.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu amfungulie riziki kila aliyefungiwa mlango, na azipe subira nyumba zetu. Amin.