SOMO LA REDIO: KUTIA MPINI WA KISU KWA GUNDI YA EPOKSI

Ninyi mnaosoma maneno haya darasani, mmoja asome kwa sauti, wengine wafuate kwa kidole.

Katika kiganja changu cha kushoto mna kovu refu. Nilikuwa nachuna mbuzi. Msuka ulichomoka, mpini ukabaki mkononi, bapa likageuka likanikata. Mpini ule niliutia mwenyewe, tena kwa haraka.

Msuka ni ile ncha ya kisu iingiayo ndani ya mpini. Wazee wetu huupasha moto mpaka uwe mwekundu, kisha huuchomeka katika mti. Njia hii yafaa, lakini mti ulioungua huwa mkaa, na mkaa ukisagika mpini hulegea. Tena moto ukifika kwenye makali, chuma hupoteza ugumu wake.

Leo twatumia gundi iitwayo epoksi. Mmoja wa walioivumbua, katika miaka ya 1930, ni Pierre Castan, mtu wa Uswisi. Gundi hii huuzwa katika vyombo viwili: kimoja kina gundi, cha pili kina dawa ya kuikaza. Kila kimoja peke yake hakigandi. Vikichanganywa, hushikana vikawa kitu kimoja kigumu.

Sikilizeni vizuri hapa, maana wengi hukosea. Gundi ya unga hukauka maji yake yakitoka. Epoksi haikauki hivyo, na kwa sababu hiyo hukaza hata ndani ya tundu lisilopata hewa. Basi mtu husema, "Nitazidisha dawa ili ikaze zaidi." La! Dawa iliyozidi haipati mwenzake wa kushikana naye. Gundi hubaki laini. Pimeni kama karatasi ya maelezo isemavyo, wala msikisie kwa macho. Korogeni kwa kijiti mpaka rangi iwe moja.

Iko epoksi ya dakika 5, na iko ya kungojewa siku nzima. Kwa kisu, mimi huchagua ile ya polepole. Mpini ukikaa upande, unayo nafasi ya kuunyosha.

Kabla ya kuchanganya, kwaruzeni msuka kwa tupa na kuutia pengo mbili tatu ubavuni, ili gundi ipate pa kung'ang'ania. Kisha ufuteni kwa spiriti, wala msiuguse tena kwa vidole, kwa kuwa vidole vina mafuta. Mpingo nao una mafuta. Tundu lake lifutwe vilevile.

Kama tundu ni kubwa kuliko msuka, chukueni vumbi la mti uleule, laini na kavu kabisa. Changanyeni kwanza gundi na dawa, halafu tieni vumbi kidogo kidogo mpaka iwe kama uji mzito. Jazeni tundu, sukumeni msuka taratibu ili hewa itoke. Mkiubana katika jiriwa, msikaze mno. Gundi yote itakamuliwa nje. Iliyofurika kwenye noleo ifutwe papo hapo.

Sasa hatari zake. Epoksi mbichi huweza kuwasha ngozi, na mwili ukishaikataa mara moja, utawashwa kila uigusapo. Vaeni glovu. Ikiwapata mkononi, osheni kwa sabuni na maji, si kwa spiriti. Mkipiga msasa mpini ulioganda, zibeni pua na mdomo, vumbi lisiingie kifuani. Tena gundi hii hulegea kwa joto. Mpini ukipata moto wakati wa kupiga msasa, pumzikeni. Na kisu kisiachwe ndani ya sufuria ya maji yachemkayo, hata kama mama wa nyumba ana haraka.

Kesho yake kishikeni kisu kwa koleo, bapa likiwa limefungwa kitambaa kinene, na mpini uvutwe kwa nguvu. Ukicheza hata kidogo, kisitumike.

Andikeni maneno haya mara tatu: msuka, noleo, tupa, jiriwa.

Hesabu: karatasi yasema vipimo 2 vya gundi kwa kipimo 1 cha dawa. Una vijiko 3 vya gundi. Utatia dawa vijiko vingapi?

Kwaherini.