Sufuri, jiwe la manjano: tuijue mbele ya kuishika

Wandugu wafanyakazi, na ninyi mama na watoto munaotungojea nyumbani, kwa barabara ya Kasumbalesa tunaona makamio yanaingia na mifuko mikubwa ya unga wa manjano. Jina lake sufuri. Wengi tunaibeba, wachache tumeelezwa ni kitu gani. Siye wa sendika tunasema: mutu asiyejua kitu anachobeba, hawezi kujikinga nacho.

Inatoka wapi?

Sufuri ni kitu cha udongo. Inatoka kwenye volkano: wandugu wa Goma wanajua moshi wa Nyiragongo na Nyamulagira unaochoma koo. Hapa kwetu iko ndani ya mawe, imeshikamana na shaba ya Kamoa na zinki ya Kipushi. Lakini ile ya makamio, sehemu kubwa inatolewa ndani ya petroli na gazi, kwa nchi sawa zile za Ghuba.

Juu ya nini tunaihitaji?

Juu ya malakiti, lile jiwe la kijani. Shaba yake haitoki kwa mayi peke yake, inataka asidi. Izini inachoma sufuri inakuwa gazi, kisha gazi inageuzwa asidi sulfuriki. Tani 1 ya sufuri inatoa karibu tani 3 za asidi. Asidi njo inayeyusha shaba na kobalti. Halafu umeme unavuta shaba, inakuwa katode. Kwa hiyo ndani ya mushahara wetu kuko sufuri.

Tena iko ndani ya mbolea, mipira ya motokari na dawa ya ngozi. Kwa Kiswahili cha pwani jina lake la zamani ni kiberiti, sawa kile cha kuwashia moto.

Sura zake tatu

*Unga.* Unachoma macho. Ukiruka mingi hewani wakati wa kupakua, cheche moja inaweza kuulipua. Moto wake ni wa bluu, mchana hauonekani vizuri, na moshi wake unakaba pumzi. Mwenye asma asisogee. Sigara hapana kabisa.

*Asidi.* Inakula nyama na macho. Ukichanganya, mimina asidi polepole ndani ya mayi. Usimimine mayi ndani ya asidi: itachemka na kukurukia. Ikikugusa, vua nguo palepale, osha na mayi mingi dakika 20 bila kuacha, kisha uende kwa munganga.

*Gazi ya yai bovu.* Inazaliwa pale asidi inapokutana na vitu fulani vyenye sufuri. Ni nzito kupita hewa, inalala ndani ya shimo na matangi. Mwanzo inanuka, ikizidi, inaua pua, hausikii tena kitu. Harufu ikipotea, usiseme hatari imekwisha. Mwenzako akianguka chini, usishuke bila maske yenye chupa ya hewa. Ita musaada. Ukishuka hivihivi, watatoa maiti mbili.

Nyumbani

Bidoni iliyobeba asidi haiwekewi mayi ya kunywa, hata ukiiosha mara kumi. Mufuko wa sufuri hauwekewi unga wa bukari. Nguo za kazi zioshwe kando, mbali na za watoto.

Tunadai nini?

Sheria ya kazi inamupa mwajiri lazima ya kulinda afya ya mufanyakazi, hata yule wa sutretansi, hata mupakuzi wa siku moja. Tunataka maske inayofaa, hapana kitambaa. Tunataka gan, miwani, na chombo cha kupima gazi kwa kila timu inayoingia fasi iliyofungwa. Tunataka maelezo kwa Kiswahili, hapana paka karatasi ya Kifaransa iliyobandikwa ukutani.

Kesho ukifika kazini, uliza musimamizi wako: dushi ya kuoshea asidi iko wapi? Kisha uifungue wewe mwenyewe. Kama haitoi mayi, mwambie delege wako siku hiyohiyo, mbele ya kugusa kazi.