Pua Imeziba? Usimpe Mwenzio Dawa ya Kichina kwa Kukisia

Mwenzio anakoroma usiku kucha, akiinama uso unamgonga, na hata harufu ya pilau haimfikii. Mtaani wataita kipandauso. Hospitali wataita sainasi, yaani uvimbe kwenye vishimo vya hewa vilivyo ndani ya mifupa ya uso. Na ukiulizauliza Mji Mkongwe, hukosi wa kukwambia, "Tafuta dawa ya Mchina tu!"

Si ajabu, maana madaktari wa Kichina tumewazoea. Kundi la kwanza, kutoka jimbo la Jiangsu, lilifika Zanzibar mwaka 1964, na waliofuata wamehudumu Mnazi Mmoja hapa Unguja na Abdalla Mzee kule Pemba. Lakini kumwamini daktari ni kitu kimoja, na kuamini kila pakiti yenye maandishi ya Kichina ni kitu kingine.

Kila mtu na mchanganyiko wake

Katika tiba ya jadi ya China, tatizo hili huitwa *bi yuan*, yaani pua iliyogeuka dimbwi lenye kina. Tabibu haangalii jina la ugonjwa tu. Anatazama ulimi, anashika mshipa wa mkono, anauliza kamasi ni nyeupe na nyepesi au ya njano na nzito. Nyeupe humpeleka kwenye "baridi", njano kwenye "joto". Kama ulilelewa na bibi anayegawa vyakula vya baridi na vya moto, hapo umeshaelewa.

Mchanganyiko maarufu ni *cang er zi san*, uliomo katika kitabu cha tabibu Yan Yonghe cha mwaka 1253. Una mimea minne: matumba ya maua ya magnolia na matunda yenye miba ya *cang er zi* ya kuzibua pua, mzizi wa *bai zhi* wa maumivu ya paji la uso, na mnanaa wa kupoza. Ikiwa ni baridi, tabibu huongeza vya kupasha. Ikiwa ni joto, huongeza vya kupoza. Ndiyo maana dawa iliyomfaa jirani yako huenda isimfae mumeo.

Hapa pana hatari

Matunda ya *cang er zi* yana sumu. Lazima yakaangwe kwanza, na yakizidi huumiza ini. *Ma huang*, inayotiwa katika baadhi ya dawa za "baridi", hupandisha presha na kuharakisha moyo. Marekani ilipiga marufuku virutubisho vyenye mmea huo mwaka 2004. Mjamzito, anayenyonyesha na mwenye presha wasijaribu bila daktari. Tena, tafiti nyingi za mchanganyiko huu ni ndogo, hazijatosha kuthibitisha kwamba unaponya.

Sasa mfanyeje?

Anzeni na kusafisha pua kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa. Sainasi nyingi huletwa na virusi vya mafua na hupungua ndani ya siku 10 hivi. Ikipita wiki 12, hiyo ni sugu: muoneni daktari wa pua. Jicho likivimba, macho yakififia, shingo ikikakamaa au homa ikiwa kali, kimbilieni hospitali siku hiyohiyo.

Na kama bado mnaitaka tiba ya Kichina, nendeni wote wawili kwa tabibu aliyesajiliwa, mkiwa na dawa zote mnazotumia. Pakiti isiyosema ndani yake mna nini, usimpe umpendaye.