Baiskeli ya bei rahisi ilitugharimu

Sisi walimu wawili wa kujitolea hapa Kakuma tulichanga pesa, tukanunua baiskeli ya bei rahisi kwa mchuuzi mpita njia. Mwezi haukuisha: rimu imepinda, spoki zimekatika, breki hakuna. Mchuuzi naye haonekani. Watoto wa darasa la kwanza wanatungoja, sisi tuko njiani tunasukuma.

Safari hii tulienda dukani, pale sokoni. Kabla ya kulipa tulizungusha magurudumu kuona kama yanayumba, tukabana spoki, tukaomba risiti. Bei ilikuwa juu, lakini ikilegea tunajua pa kuirudisha. Miiba ya mathenge bado inatoboa tyubu, ila hiyo ni kazi ya kiraka tu. Jamani, rahisi ni ghali.