Mtungi wa bibi na siri iliyokuwa chini ya godoro

KASANSA, Katavi. Begi lilikuwa mlangoni tangu asubuhi. Pembeni yake kulikuwa na kiroba cha mchele wa hapa hapa Kasansa, ndoo mpya iliyojaa sabuni na ndala, na blanketi lililofungwa kwa kamba. Binti wa dada yangu anakwenda chuo kikuu kwa mara ya kwanza, na dada alikuwa akizunguka ndani kama mtu anayetafuta kitu asichokikumbuka.

"Sikiliza," akamwambia bintiye. "Huko unakwenda kukaa chumba kimoja na watu usiowajua. Usiazimane nguo, usile hovyo vya watu, na mambo yako usimwambie mtu. Hasa lile."

"Lile" ni pumu. Binti anayo tangu akiwa mdogo, na sisi wa nyumbani tunajua. Dada anaogopa maneno. Anasema ikijulikana chuoni, wenzake watamkimbia, na siku akipata mchumba, watu watakuwa na la kusema.

Akanigeukia mimi. "Mdogo wangu, wewe umekaa hosteli miaka mitatu. Mwambie mwanao."

"Eti mama mdogo, ni kweli?" binti akauliza.

Nikavuta kigoda. Suala la nguo nililiunga mkono nusu. Hilo la mwisho nilishindwa kabisa, na sababu ni msichana mmoja ambaye mpaka leo namwita Lushoto.

Mtungi ndani ya treni

Niliondoka Kasansa kwenda chuo mwaka 2016. Basi lilipita Kibaoni, likakatiza Hifadhi ya Taifa ya Katavi, pale Sitalike abiria wakachungulia viboko kama kawaida, tukaingia Mpanda. Hapo nikapanda treni kwenda Tabora, na kutoka Tabora nikaendelea hadi Dodoma. Nilikuwa na begi, mchele, na mtungi mdogo wa udongo alionipa bibi. Alisema maji ya chupa hayakati kiu. Njia nzima niliupakata kama mtoto.

Chumbani tulikuwa wanne, vitanda viwili vya deka. Siku ya kwanza hakuna aliyeshika jina la mwenzake, tukaanza kuitana kwa majina ya kwetu: Newala, Bukoba, Lushoto na mimi Kasansa. Majina hayo hayakutoka tena hadi tunahitimu. Walipouona mtungi wangu walicheka mpaka Bukoba akakaa chini.

"Kasansa, umekuja kusoma au kufungua kilabu cha pombe?"

Wiki haikuisha, wote wakawa wanachota humo. Hewa ya Dodoma ni kavu, na mtungi hupoza maji vizuri zaidi hewa ikiwa kavu, kwa sababu maji yanayopenya kwenye udongo hukauka haraka na kuondoka na joto. Wasichana wa vyumba vya jirani wakaanza kuja na vikombe.

Nikiulizwa leo nilifurahia nini chuoni, sianzi na mahafali. Naanza na senene wa Bukoba, waliokuja kwenye kopo la maziwa na kuisha usiku mmoja. Naanza na korosho za Newala, na matunda ya milimani aliyotumiwa Lushoto kwa basi. Naanza na kusukana nywele Jumamosi kwa sababu hela ya saluni haikuwepo, na kuamshana saa kumi alfajiri kwenda kupiga msuli kabla ya mtihani. Newala alikuwa na blauzi moja nyeupe ambayo wote wanne tuliivaa siku za kuwasilisha kazi mbele ya darasa. Mwalimu mmoja alikuja kuuliza kama ni sare.

Tuligombana pia. Bukoba alipiga simu usiku wa manane. Newala hakuweza kulala taa ikiwaka, nami sikuweza kusoma ikiwa imezimwa. Tulikuja kuelewana kwamba saa sita taa kubwa inazimwa, anayesoma anatumia tochi, na simu inapokelewa koridoni. Makubaliano hayo tuliyafikia baada ya kununiana wiki mbili. Siku tulipokaa kuyazungumza, tulitumia dakika kumi.

Siku za pasi ndefu

Aliyesoma chuo anajua maana ya bumu, ile fedha ya kujikimu inayotoka Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, chombo kilichoanza kazi mwaka 2005. Bumu likitoka, tulikuwa matajiri wa siku kumi. Chipsi kuku, viatu, salio la simu. Baada ya hapo zikaja siku za pasi ndefu: unakunywa chai saa nne, unapitisha mchana, unakula saa mbili usiku, siku imekwisha.

Mchele wa Kasansa ndio uliotuvusha. Kupika chumbani kulikatazwa, kwa hiyo tuliupeleka kwa mama ntilie mmoja nje ya geti. Yeye anapika, sisi tunamwachia sahani mbili.

Lushoto peke yake hakupiga pasi ndefu. Saa ikifika, anakula, hata kama ni andazi moja. Chini ya kitanda alikuwa na biskuti na soda asizomkaribisha mtu. Kabla ya kula alichukua kipochi kidogo akaingia bafuni. Sisi tukaamua ni mchoyo, na kwamba anajiremba.

Siku moja nilikuwa nafagia. Nikasogeza godoro lake lililoning'inia, sindano ikaanguka.

Sikumuuliza. Nilimwambia Newala, nikamalizia na yale maneno ya wote wenye hatia: "Usimwambie mtu." Ilikuwa Jumatano. Ijumaa koridoni walikuwa na majibu mawili tayari. Wengine walisema anajidunga dawa za kulevya, wengine walisema ana virusi. Mmoja aliyezoea kuchota maji kwetu akaacha kuja. Lushoto aliona vikombe vinavyopungua. Akaanza kunywa maji ya chupa yake, na hakusema neno.

Swali ambalo hatukuliuliza

Miezi miwili baadaye ilikuwa wiki ya mitihani, na bumu lilikuwa limechelewa. Lushoto naye alikuwa ameishiwa. Na alikuwa amechoka kuonekana anakula peke yake huku akisemwa. Siku ile akapiga pasi ndefu kama sisi. Tofauti ni kwamba alikuwa ameshachoma sindano yake.

Saa tatu usiku nilirudi kutoka maktaba nikamkuta kitandani, nguo zimelowa jasho, mikono inatetemeka. Nilipomshika alinisukuma. Alizungumza maneno yasiyoshikana. Mlangoni watu wakajaa. Mmoja akasema amelewa. Mwingine akasema mapepo, akaanza kuomba kwa sauti.

Akapita msichana wa chumba cha mbele aliyekuwa anasomea uuguzi. Alimwangalia, akatugeukia: "Huyu anachoma sindano ya nini?"

Kwa miezi miwili, koridoni nzima ilijibu swali hilo bila mtu hata mmoja kuliuliza.

Nikavuta kipochi. Ndani kulikuwa na kichupa cha insulini. Yule dada akaona Lushoto bado anaweza kumeza. Akachota kikombe cha maji mtungini, akakoroga vijiko vinne vya sukari, akamnywesha taratibu. Tukangoja. Kama baada ya robo saa Lushoto alitutazama mmoja mmoja.

"Mbona mmenizunguka?"

Tukampa wali, akala, kisha tukampeleka zahanati akapimwe.

Usiku ule alituambia. Aligundulika na kisukari akiwa na miaka 13. Nyumbani walimlea vizuri sana, lakini siku ya kuondoka walimwambia asimwambie mtu, watu wana maneno. Nami nikamwambia kwamba maneno yale yalianzia kwangu. Alinyamaza muda mrefu.

"Ungeniuliza tu, Kasansa," akasema.

Kesho yake nilipita chumba kwa chumba kusema ukweli. Kuusambaza uongo kulinichukua dakika moja. Kuufuta kulinichukua muhula mzima, na wapo ambao hawakubadilika.

Alichonifundisha Lushoto

Leo naandika habari za afya, na mambo niliyoyajua kwanza kuhusu kisukari sikuyapata kwenye semina.

Kisukari cha Lushoto ni aina ya kwanza. Kinga ya mwili hushambulia chembe za kongosho zinazotengeneza insulini, mwili unabaki hauna. Hakiletwi na kula sukari nyingi wala hakiambukizi, na mara nyingi huanza utotoni au ujanani. Dalili zake ni kiu isiyoisha, kukojoa mara kwa mara, kupungua uzito na uchovu. Mwenye aina hii anahitaji insulini kila siku ili aishi. Mtu wa kwanza kuchomwa insulini alikuwa kijana wa miaka 14 huko Toronto, Canada, Januari 1922. Kabla ya hapo watoto kama Lushoto walikufa. Siku ya Kisukari Duniani huadhimishwa Novemba 14, siku aliyozaliwa Frederick Banting, mmoja wa waliogundua dawa hiyo.

Hatari ya usiku ule ilikuwa sukari kushuka. Hutokea mtu akichoma insulini bila kula vya kutosha, au akifanya kazi nyingi kuliko kawaida. Anatoka jasho, anatetemeka, moyo unakwenda mbio, anachanganyikiwa, anaweza kuwa mkali kama mlevi. Kama ana fahamu na anaweza kumeza, mpe sukari kwenye maji, au soda ya kawaida isiyo ya "bila sukari". Ngoja dakika 15. Kama hajapata nafuu, rudia. Akipata nafuu, ale chakula. Kama amepoteza fahamu, usimtie kitu chochote mdomoni. Mlaze ubavu na mkimbize hospitali.

Chumbani tulijipanga. Bukoba akawa mtunza sukari, kopo lake lilikaa dirishani na haikuruhusiwa kuligusa kwa ajili ya chai. Newala aliuliza "umekula?" kabla ya kuuliza "umeamkaje?" Lushoto akaacha kujificha bafuni.

Na mtungi ukapata kazi. Hatukuwa na friji, na insulini huharibika kwa joto kali, kama inavyoharibika ikiganda. Insulini ambayo haijafunguliwa hutakiwa kukaa kwenye friji, nyuzi joto 2 hadi 8. Iliyofunguliwa huweza kukaa nje kwa takribani wiki nne, mahali pasipo na joto kubwa. Kliniki ilimfundisha Lushoto kuweka kichupa kwenye kopo lenye mfuniko, na kopo ndani ya mtungi wenye maji kidogo. Bibi akatuma mtungi wa pili kwa basi, tukaendelea kunywa.

Miaka kadhaa baadaye nilifurahi kusoma kwamba watafiti wa shirika la Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva wameifanyia kazi hoja hiyo. Walipima joto katika nyumba za kambi ya Dagahaley, Dadaab, nchini Kenya, likawa kati ya nyuzi 25 na 37. Matokeo yao ya mwaka 2021 yalionyesha kuwa insulini iliyokaa wiki nne katika joto la namna hiyo haikupoteza nguvu kuliko iliyohifadhiwa baridini. Hata hivyo, mgonjwa asibadili utaratibu wake kwa kusoma gazeti. Aulize kliniki yake kwanza.

Begi la binti

Nilipomaliza, dada alikuwa amekaa kizingitini. Akasema, "Kwa hiyo atangaze chuo kizima?"

Hapana. Ugonjwa ni wa mwenyewe na halazimiki kuuweka kwenye mbao za matangazo. Lakini wale wanaolala naye chumba kimoja ndio watakaokuwepo saa nane usiku, wakati mama yuko Kasansa. Hao wawili watatu wanahitaji kujua mambo machache: ana nini, dawa iko wapi, akizidiwa wafanye nini, wampigie nani. Kwa mwenye pumu, wajue wamkalishe wima badala ya kumlaza, wampe inhela yake, na asipopata nafuu wamwahishe hospitali. Kama hawezi kuyasema siku ya kwanza, ayaseme kabla ya wiki kwisha.

Na mzazi ambaye mwanawe ni mzima ana la kumwambia pia. Akiona kitu asichokielewa kwa mwenzake, amuulize mwenyewe, kwa upole, mkiwa wawili. Hilo nililijua nikiwa nimeshachelewa.

Lushoto ni mwalimu sasa. Tunapigiana simu kila Novemba, na bado swali la kwanza ni kama amekula.

Jioni gari la Mpanda lilipopiga honi barabarani, dada alilifungua tena begi ambalo alikuwa amelifunga mara mbili. Akaingiza mkono hadi chini kabisa, akatoa soksi aliyoiviringisha inhela ndani yake. Akaitoa kwenye soksi, akaitia mfuko wa nje.

"Hapa," akamwambia bintiye. "Waonyeshe wenzako ilipo."

Kisha akatuma mtu jikoni akalete mtungi.