Fahamu: Pafu linaposinyaa ghafla, chanzo chaweza kuwa cha kurithi

Maumivu makali upande mmoja wa kifua na kukosa pumzi, bila kuumia popote: huenda hewa imevuja kutoka kwenye pafu na kulibana likasinyaa. Huwapata zaidi vijana wa kiume warefu na wembamba, na sigara huongeza hatari. Lakini wakati mwingine chanzo ni hitilafu ya kurithi katika tishu unganishi, zinazoipa mishipa, ngozi na mapafu uimara.

Dalili ni zipi?

Mojawapo ya hitilafu hizo ni Marfan, inayotokana na kasoro katika jeni ya FBN1; humpata takriban mtu 1 kati ya 5,000. Tazama mikono na vidole virefu mno, kifua kilichobonyea au kuchomoza, mgongo uliopinda na lenzi ya jicho iliyohama. Nyingine, Ehlers-Danlos ya mishipa, huonekana kwa ngozi nyembamba na kuvilia damu kirahisi.

Kwa nini itambuliwe mapema?

Maradhi haya yanaweza kuchana aota, mshipa mkuu utokao moyoni, na kuua ghafla. Marfan ikishukiwa, ultrasaundi ya moyo huonyesha kama aota imetanuka.

Ukipata maumivu hayo ya kifua, wahi hospitali. Mweleze daktari kama katika ukoo wenu kuna aliyesinyaa pafu, aliyepasuka aota au aliyefariki ghafla angali kijana.